Masouda wa Achari na Paa la Kuzuia Risasi

Achari ya Masouda ilikuwa kali mpaka mtu akiilamba Matrah, anayepiga chafya ni jamaa yake aliyeko Qurayyat. Aliyebisha alipewa kijiko kimoja, na akishapewa habishi tena mchana kutwa, maana ulimi unakuwa umekwenda zake na haujarudi.

Kazi hiyo hakuja nayo. Alipokuwa Unguja, achari ilikuwa kitu cha kuwekwa ukingoni mwa sahani, kila nyumba na yake, na hakuna aliyefikiri mtu anaweza kupata jina kwa ndimu na chumvi. Mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, yeye na mumewe Marhoon walipanda meli na mkeka, birika, na kitu kimoja kilichofungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Kitu hicho kilikuwa redio. Masouda alitaka nafasi ile wachukue mbuzi ya kukunia nazi. Wakabishana forodhani mpaka mabaharia wakakaa kusikiliza, na redio ikashinda. Walipofika Maskati wakakuta nazi hakuna. Kwa hiyo Masouda hakuweza kumlaumu mumewe, na kwa hilo hakumsamehe kabisa.

Walipata nyumba nje ya lango la Matrah, bandari iliyo jirani na Maskati, kwenye mtaa uliobanwa na milima miwili myeusi isiyo na hata jani. Vyumba vilikuwa viwili, vimeezekwa makuti ya mtende na udongo juu yake, paa ambalo lilimvumilia shomoro lakini paka lilimkataa. Mbele ya vyumba palikuwa na ua. Jua la mtaa ule lilikuwa na tabia za mgeni wa mbali: lilichelewa kuingia kwa sababu ya mlima wa huku, na liliwahi kuaga kwa sababu ya mlima wa kule. Lakini lilipokuwamo uani kwa Masouda lilikuwamo kweli. Kuku alitaga yai kivulini, likabingirika juani, na lilipofika ukutani lilikuwa limeiva.

Hapo uani ndipo Masouda alipopanga mabalasi yake, ile mitungi mikubwa ya udongo yenye tumbo na mdomo mpana. Ndimu alizikata bila kuziachanisha, akazishindilia chumvi, akazitia ndani, akafunga kitambaa mdomoni na kuliachia jua. Ndimu changa zikikosa jua siku chache za mwanzo huota ukungu mweupe, na balasi lenye ukungu ni la kumwaga, hakuna dawa. Zikilipata jua lao zinalainika, zinakuwa rangi ya kaharabu, na hapo ndipo pilipili inapoingia. Miaka mitano Masouda alilihamisha balasi moja baada ya jingine kulifuata jua, asubuhi ukuta huu, alasiri ukuta ule. Zamani majirani walimwita yule mwanamke wa Zinjibar. Sasa wakamwita Masouda wa achari, na nyumba kubwa za ndani ya lango zikatuma watu kuja kuchukua. Yeye aliyeshuka melini hana kitu alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa limekaa juani mle uani.

Sasa, ng'ambo ya kichochoro aliishi Ghanim. Ghanim alikuwa mtu mkubwa wa mtaa, mwenye ndevu na bunduki, na ujana wake aliupitishia Wete, Pemba, dukani kwa baba yake, ndiyo maana Kiswahili alikijua vizuri ingawa alikisema kama mtu anayehesabu mbuzi. Jamaa zake walikuwa wengi, na jamaa zake wote walipenda harusi. Na kwa watu wale harusi bila risasi ni kama msiba wa mtu asiyejulikana. Bwana harusi akitoka tu, mabunduki yanaelekea juu, na mbingu inapigwa mpaka mtu unaionea huruma.

Mtaani watu walifurahia risasi zinazopanda, na hakuna aliyeziuliza zinarudi vipi. Masika moja, siku ya harusi ya mpwa wa Ghanim, Marhoon alikuwa amejilaza mkekani pembeni ya mabalasi. Kitu kikalia puu. Balasi lililokuwa karibu na sikio lake likatoboka bega, maji ya ndimu yakamrukia machoni, na kwa muda Marhoon aliamini ameshakufa na kwamba akhera kuna ndimu.

Masouda akaingiza mkono ndani ya balasi, akapapasa, akatoa risasi. Akaitazama, akainusa.

"Imeingia chumvi vizuri," alisema.

"Masouda, mie nilikuwa nife!"

"Nimeona. Lakini hukufa. Balasi ndilo lililotoboka."

Akaliziba tundu lile kwa nta na kitambaa. Marhoon lakini hakuzibika. Tangu siku hiyo akawa anatembea uani huku akitazama juu, na mara mbili alijikwaa akaingia kwenye banda la kuku.

Mwanzo wa msimu wa tende ikatoka habari kwamba Ghanim anamwoza mwanawe Thani, na kwamba jamaa zake wa kijiji cha Bawshar watakuja na bunduki zao zote, hata zile zilizotundikwa ukutani tangu wakati wa babu zao. Marhoon akasema yeye ni mtu wa maneno, atakwenda kuzungumza na jirani yake kama watu wazima. Akavaa kanzu safi, akavuka kichochoro.

Ghanim alimpokea vizuri. Akamletea tende, akammiminia kahawa. Marhoon akainywa ile finjani. Akamiminiwa nyingine, akainywa. Akanywa ya tatu huku akisifia iliki, akatikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka, kisha akajiweka sawa, akakohoa kidogo, akasema haja yake: je, siku ya harusi jamaa wasingeweza kupigia risasi zao kule wadini, kwenye bonde kavu, zikaingia mchangani, kuliko kuzipiga juu ya nyumba za watu?

Ghanim akamtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mkia wa ngamia baada ya ngamia kuuzwa.

"Insha Allah," alisema, na hiyo insha Allah ilikuwa ya kumwonyesha mtu mlango.

Marhoon alirudi akasema mazungumzo yamekwenda vizuri. Kesho yake mchana akamsikia Ghanim kichochoroni akiwaambia watu wa mtaa kwamba jirani wa Zinjibar alikuja kunywa kahawa, akanywa, na Mungu ampe afya. Kuhusu wadi hakusema kitu.

Ikawa ni siku hizohizo redio ilipoleta ile habari. Redio ya Marhoon, jioni, idhaa ya Kiswahili kutoka London, ilisikika uani kwa Masouda, na majirani wachache waliotoka Unguja walikuja kusikiliza. Aliyekuwa haikosi siku hata moja ni Hind, mjane aliyekuja kabla yao miaka mingi na kuujua mji kuliko waliozaliwa humo. Mwaka ule redio ilikuwa imechanganyikiwa. Mara binadamu yuko mwezini anatembea, mara Wamarekani wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya makombora.

"Nyamazeni," alisema Marhoon, sikio limegusa redio. "Wanataka kutengeneza makombora ya kwenda kuyagonga makombora ya Warusi hukohuko angani, kabla hayajafika chini. Rais wao anataka. Wengine kwenye baraza lao hawataki."

"Kombora likagonge kombora?" alisema Hind. "Kaka yangu alirusha jiwe kwa mbuzi akampiga mama mkwe wake. Na mbuzi alikuwa amesimama."

"Hao ni Wamarekani, Bi Hind. Wamekwenda mwezini."

"Mwezi haukuwajia juu yao."

"Na vipande?" aliuliza Masouda, ambaye alikuwa anapanga ndimu. "Yakigongana, vipande vinaangukia wapi?"

Marhoon hakuwa amelifikiria hilo. "Baharini."

"Bahari ya nani?"

"Masouda, hebu niache nisikilize."

Redio ikaeleza kwamba wasiotaka wana hoja zao. Wanasema Mrusi akiona mwenzake amejikinga, ataongeza makombora mpaka kinga ielemewe. Wanasema kitu hicho hakijawahi kujaribiwa vitani na hakuna anayejua kama kitafanya kazi. Na jambo moja lililomfanya Hind acheke mpaka akashika ubavu: kwamba kinga yenyewe haitaanza kwa kufunika miji yenye watu, itaanza kwa kufunika mahali Wamarekani walipoyaweka makombora yao.

"Kwa hiyo watu wanaachwa nje na silaha zinaingizwa ndani!" alisema Hind. "Lahaula."

Marhoon hakucheka. Mawazo yalikuwa yamemwingia, na ungeyaona yakitembea usoni mwake. Kesho yake akaanza kujenga.

Alipata mapipa matupu ya mafuta, akayakata na kuyanyoosha kuwa mabati. Akaleta magogo ya mitende kutoka Bawshar, juu ya punda aliyekataa kurudi tena mtaa ule maisha yake yote. Akasimamisha nguzo, akalaza magogo, akatandika mabati, na juu ya mabati akapanga magunia ya mchanga. Masouda alisimama akatazama lilipoanzia.

"Marhoon, limeanzia kwenye redio."

"Redio haina mbadala."

"Na mie?"

"Wewe unaweza kukaa karibu na redio."

Kipande kile cha kwanza kilifunika pembe moja tu ya ua, redio na mkeka, na mabalasi yalibaki na jua lao ingawa yalibanana kidogo. Masouda akaona haidhuru, mwanamume mwache ajenge, akijenga haendi kujikwaa. Laiti mambo yangeishia hapo.

Lakini paa linaonekana. Ghanim akatoka kwake asubuhi akaliona, akasimama, akalizunguka, akapiga hodi.

"Hodi, ya Marhoon! Nimesikia unajifunika."

"Karibu, sheikh Ghanim. Ni kivuli tu."

"Kivuli kina magunia ya mchanga?"

Marhoon akayatazama magunia kama vile yameletwa na mtu mwingine.

"Furaha ya mwanangu ndiyo unayojikinga nayo?" alisema Ghanim. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu anamwoza mwanawe, jirani anajenga ngome. Watu wa Bawshar watasemaje wakiona? Watasema risasi za Ghanim ni za vita. Haya. Tutaona kama magunia yako yametosha."

Siku hiyohiyo akatuma mtu Qurayyat kwa jamaa wa mama yake, waje nao, na bunduki zao. Habari ilifika uani kwa Masouda kabla huyo mtu hajatoka mtaani, kwa sababu Hind alikuwa dirishani. Marhoon aliposikia Qurayyat, akaenda kutafuta mapipa mengine. Ghanim aliposikia mapipa, akakumbuka ana wajomba upande wa milimani. Marhoon aliposikia wajomba, akaongeza magunia. Mabati ya Matrah yakapanda thamani, baruti nayo ikawa haionekani madukani, na wapo watu wanaoapa kwamba kuku walianza kutembea kwa kufuata ukuta.

Kabla wiki haijaisha ua wote ulikuwa umefunikwa. Ndani mlikuwa na giza la pango na joto la tanuri, magogo yalilalamika usiku na mchana, na mtu akitaka kujua kama kumekucha ilimbidi afungue mlango wa njiani. Marhoon alikaa katikati yake kwa raha kubwa. Mara kwa mara alitoka nje akarusha mawe juu, yakaangukia paa kwa kishindo, naye akatabasamu kama mtu anayepigiwa ngoma.

Masouda hakutabasamu. Alikuwa ameyajaza mabalasi ndimu mpya, mzigo wa nyumba kubwa moja ya ndani ya lango iliyokuwa ikijiandaa kwa wageni. Siku ya kwanza ya giza aliyafungua akanusa. Siku ya pili akanusa tena. Siku ya tatu akaona, kwenye balasi lile lenye tundu lililozibwa, kitu cheupe kama unyoya kimeshika ukingo.

Akaketi chini. Alijaribu kuyatoa nje kichochoroni, mbuzi wa mtaa wakala vitambaa na mmoja akala na ndimu, akakimbia mpaka Ruwi. Alijaribu balasi moja juu ya paa la chumba. Balasi likapita na paa lake, likatua mbele ya Marhoon aliyekuwa anaswali, na Marhoon akatoa salamu kabla ya wakati.

"Niondolee hilo dude," Masouda alimwambia alipomaliza. "Hata bati mbili tu, katikati."

"Niache tundu? Katikati?"

"Ndimu zinakufa."

"Ndimu zitapatikana nyingine. Kichwa changu je?"

"Kichwa chako," alisema Masouda, "hakinunuliwi na nyumba kubwa."

Hawakusemezana mpaka jioni, na kwa nyumba ile kimya cha namna hiyo kilikuwa kitu kigeni kuliko risasi. Redio ikawasemesha badala yao: Wamarekani wamepiga kura barazani kwao, na kura zimegawanyika nusu kwa nusu, makamu wa rais akaongeza yake, na kinga itajengwa. Marhoon akapiga paja. "Umesikia?"

"Nimesikia nusu kwa nusu," alisema Masouda. "Hapa pia ni nusu kwa nusu. Ila hapa hakuna aliyeniuliza."

Hind alikuwa amekaa pale akijipepea kwa upepeo wa ukindu. Akauliza, kama mtu aulizaye habari za hali ya hewa: "Marhoon, ulipokwenda kwa Ghanim, ulimwambia haja yako wakati gani? Kabla ya kahawa au baada?"

"Baada. Nilikunywa kwanza. Mtu anaingia na kuanza kuomba tu? Mie nimelelewa."

Hind akaacha kujipepea. "Ulikunywa ngapi?"

"Tatu. Ilikuwa nzuri."

"Ukatikisa finjani?"

"Nikatikisa."

"Basi ulimwambia asante na kwaheri, kisha ukaomba," alisema Hind. "Marhoon, hapa si kwenye baraza la Darajani, mtu anashika kikombe huku anapiga soga. Hapa mwenye haja hainywi. Anaiweka finjani chini mbele yake, mwenyeji anaiona, anauliza una nini. Unasema. Akikubali, unakunywa. Kumwacha mgeni aondoke kahawa yake iko chini ni aibu ambayo mtu haioshi. Ungeiacha ile ya kwanza tu ikapoa, Ghanim angepigia risasi zake hata ndani ya kisima."

"Na iliki ilikuwa imekolea," alisema Marhoon kwa huzuni.

Kurudi tena hakukuwezekana. Mtu hanywi tatu leo akaenda kesho akaikataa moja. Masouda ndiye aliyekuwa hajanywa kahawa ya nyumba ile. Asubuhi akajifunga buibui, akachukua bakuli la achari ya zamani, iliyoiva kabla ya giza, akavuka kichochoro. Hakwenda kwa Ghanim. Alipita mlango wa nyuma, kwa mamaake Ghanim.

Bi Shaikha alikuwa mzee mpaka watu hawakumbuki aliyekuwa mzee kabla yake. Alikuwa mwembamba, macho yake makali, na wanawe wote wenye ndevu walimwogopa kama walivyomwogopa walipokuwa hawana meno. Ujana wake wote ulikwenda Pemba, katika mikarafuu ya mumewe. Alipofunuliwa bakuli, pua yake ilifika Wete kabla mkono haujafika kwenye kijiko.

"Ee mwana wee," alisema. Akala moja. Akafumba macho, machozi yakamtoka, na haikujulikana ni ya Pemba au ya pilipili. "Mleteeni kahawa huyu."

Kahawa ikaja. Masouda akaipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka chini.

Bi Shaikha akaitazama ile finjani. Kisha akamtazama Masouda. Wanawake waliokuwamo chumbani wakasogea karibu.

"Nani aliyekufundisha?"

"Hind."

"Hind ana ulimi mrefu. Haya, sema. Unataka nimzuie Ghanim asipige risasi kwenye harusi ya mwanawe? Hilo usiniombe. Nikimzuia, watu watasema Thani ameozwa kwa siri."

"Hapana, Bi Shaikha. Wapige. Harusi ni harusi."

"Unataka nini basi?"

"Nataka siku ya harusi, wakati wa risasi, wewe uje ukae uani kwangu utazame. Wewe, na binti zako, na mke wa Ghanim, na wake wa jamaa wa Bawshar na Qurayyat. Nitapika, nitatandika. Ua wangu mpana."

"Ua wako una paa la mapipa. Nimelisikia. Si nitakuwa kama samaki ndani ya kopo?"

"Paa halitakuwapo," alisema Masouda.

Kahawa ilikuwa inapoa. Kisha mabega ya Bi Shaikha yakaanza kutikisika, kidogo kidogo, na kicheko kilipotoka kilikuwa chembamba na kirefu kama mluzi wa birika.

"Wewe mwanamke!" alisema. "Unataka kunitandika juani kama ndimu zako."

"Kwa heshima zote, Bi Shaikha."

"Kunywa. Kunywa kabla haijaharibika. Ntakuja."

Masouda alikunywa, akatikisa finjani, akarudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba Bi Shaikha na wanawake wote wa Ghanim watakuwa wageni wake siku ya harusi, na kwamba Bi Shaikha amesema hakai chini ya mabati. Marhoon akasema haiwezekani. Masouda akamwambia basi avuke mwenyewe akamwambie yule mzee kwamba amekataliwa ugeni nyumba ya Marhoon. Marhoon akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akachukua ngazi.

Paa lilishuka kwa siku moja. Jua lilipoingia uani lilikuwa na hamaki ya mtu aliyefungiwa nje. Masouda alimwaga balasi lile lenye ukungu, akalisugua kwa maji ya moto, akajaza ndimu mpya. Mengine aliyawahi. Aliyapanga katikati kabisa, akavifungua vitambaa, na mchana ule hakuondoka karibu nayo.

Siku ya harusi, alasiri, jamaa walikuwa wamejipanga kichochoroni mpaka kwenye bonde. Wa Bawshar walikuwa huku, wa Qurayyat huko, wajomba wa milimani na bunduki ndefu kuliko wao. Baruti ilikuwa nyingi mpaka paka walipiga chafya. Thani alitoka amevaa jambia, uso wake unang'aa. Ghanim akainua mkono ili aushushe, na ukishuka tu, mbingu ipigwe.

Hind akapita mbele yake amebeba sinia. "Sheikh Ghanim, nipishe, nawapelekea kina mamaako maji."

"Mama yuko wapi?"

"Uani kwa Masouda. Na mkeo. Na dada zako. Na hawa wa Qurayyat, wake zao wote. Wamekaa vizuri, wanatazama juu."

Mkono wa Ghanim ukabaki hewani. Akauteremsha polepole sana, kando, kama mtu anayeweka yai, ili mtu asije akadhani ni ishara. Akaenda mlangoni kwa Marhoon. Hakuingia, kwa kuwa mlikuwa na wanawake. Akasimama nje.

"Mama!"

"Naam."

"Toka humo, mama."

"Nimekaa."

"Watu wanataka kupiga risasi."

"Si wapige? Ndicho tulichokuja kutazama. Mwenye nyumba kaondoa paa lake kwa heshima yetu, mbingu yote tunaiona."

"Mama, risasi zikipanda..."

"Zikipanda nini, mwanangu?"

Ghanim akatazama juu. Mlango ulikuwa nusu wazi, na Marhoon, aliyekaa nje kwenye kizingiti, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Nambie," alisema Bi Shaikha kutoka ndani. "Nna miaka mingi, natazama zinavyopanda. Sijaambiwa bado zinavyofanya baadaye."

Ghanim alirudi kwa watu wake akasema kwa sauti kubwa kwamba harusi ya mwanawe haitapigwa risasi za kawaida za kupiga juu kama kila mtu. Itapigwa kule wadini, kwenye ukingo wa mchanga, safu kwa safu, kiaskari. Wajomba wakasema hilo ndilo jambo la fahari. Wakaenda, wakapiga, na ukingo ule ulimeza risasi nyingi mpaka miaka iliyofuata watu walikuwa wakichimba humo madini.

Aliyesahaulika ni Amur, mjomba mzee wa Qurayyat aliyekuwa kiziwi. Hakusikia amri. Aliwaona wenzake wanapiga, naye akiwa bado kichochoroni akaelekeza bunduki yake juu kama alivyofanya tangu ujana, akafyatua. Wanaume wote wakageuka, wakaitazama mbingu, midomo wazi. Walingoja. Ghanim alikuwa amekaza macho mpaka mishipa ya shingo ikaonekana. Wakangoja zaidi. Risasi ile haikurudi. Mpaka leo haijarudi, na Hind alisema wakati ule kwamba sasa Wamarekani walio mwezini ndio wa kujengewa paa.

Marhoon aliyafanya mabati yake banda la kuku, na kuku waliolala humo hawakuwahi kuguswa na risasi, akawa anawaonyesha watu. Redio iliendelea kumwambia kwamba Wamarekani wanajenga kinga yao, na kila ilipomwambia alimwita mkewe aje asikie. "Wao wamejenga," alisema.

"Wao hawana Bi Shaikha," alijibu Masouda, na kuhamisha balasi.

Tangu siku ile pia, Marhoon hakunywa tena kahawa ya mtu bila kuiweka chini kwanza, hata kama hana haja yoyote. Alikuwa anaulizwa ana nini, anahangaika kutafuta, anaomba sindano, au moto, au aonyeshwe njia ya nyumbani kwake.

Mwaka wa sabini, ulipoingia, balasi lenye tundu lilikuwa tayari. Asubuhi moja Ghanim akapiga hodi. Marhoon akamkaribisha, akamkalisha, akamletea tende. Masouda akachungulia kwenye pazia la mlango. Dele la kahawa likainama, finjani ikajaa, Ghanim akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaishika kidogo. Kisha akaiweka chini mbele yake.

Marhoon akabadilika rangi. Akatazama mbinguni.

"Una nini, sheikh Ghanim?"

"Si mimi," alisema Ghanim, na lile lidevu lote lilikuwa na haya. "Mama. Siku ya tatu hii hataki kula. Kila chakula anasema hakina ladha. Anataka achari ya mkeo, na si nyingine. Ile ya balasi lenye tundu."

Marhoon aligeuka upande wa pazia. Nyuma yake Masouda alikuwa amelisikia kila neno. Akaitazama finjani ile pale chini, mvuke wake unapanda, akaiacha ipoe kidogo kabla ya kujibu.